Chombo kinachozunguka Mirihi: hufanyika kazi gani siku ambayo hakuna jambo lililotokea?

Kiu ya Anga aliuliza:

Ndugu zangu, salaam. Kwa muda mrefu nimekuwa nikifuatilia habari za vyombo vinavyozunguka sayari nyingine, na nimeona kwamba sehemu kubwa ya maandishi hushughulika na siku mbili tu, yaani siku chombo kiliporushwa na siku kilipoingia katika mzunguko wa sayari yake. Mars Reconnaissance Orbiter, kwa mfano, kilirushwa tarehe 12 Agosti 2005 na kikafika Mirihi tarehe 10 Machi 2006. Mzunguko wake wa kazi huchukua dakika 112 hivi, kwa hiyo huizunguka sayari hiyo karibu mara 13 kwa siku. Mars Odyssey kilifika huko mapema zaidi, mwezi Oktoba 2001. Kuhusu miaka mingi iliyofuata, taarifa husema kwamba shughuli za kawaida zinaendelea, na msomaji huachwa hapo.

Ningependa kuelewa shughuli hizo ni zipi hasa. Je, kuna mtu anayekiongoza chombo kutoka duniani, au hujiongoza chenyewe? Nguvu ya uvutano haichoki, wala chombo hakihitaji kuwasha injini ili kiendelee kuzunguka. Kwa nini basi kikosi kizima cha wahandisi kiwe kazini kila siku kwa ajili ya kitu kinachokwenda kwa sheria za maumbile? Na kama chombo kingeachwa miezi sita bila kupewa amri yoyote, ni kitu gani kingeharibika kwanza? Majibu marefu hayatanichosha.


Fundi wa Mawimbi alijibu:

Ndugu Kiu ya Anga, mimi hufanya kazi katika kituo kinachopokea data za setilaiti zinazoizunguka Dunia. Misingi ya kazi ni ile ile, isipokuwa umbali hubadilisha karibu kila kitu. Setilaiti ninayoihudumia hunijibu papo hapo. Mawimbi ya redio, ingawa husafiri kwa kasi ya mwanga, huchukua dakika 3 hivi kufika Mirihi sayari hizo mbili zinapokaribiana kabisa, na huchukua zaidi ya dakika 20 zinapokuwa pande mbili za Jua. Katika kipindi hicho cha pili, mhandisi aliyeuliza swali hupata jibu baada ya dakika 40 na ushei, na ndani ya muda huo chombo kimekwisha kumaliza zaidi ya theluthi moja ya mzunguko wake. Hakuna usukani unaoweza kushikwa kwa namna hiyo. Kila jambo ambalo chombo kitalifanya leo liliandikwa siku nyingi, na mara nyingi wiki kadhaa, kabla ya leo.

Kinachoandikwa ni orodha ya amri, kila amri ikiwa na wakati wake: geuza chombo kwa nyuzi kadhaa, fungua kamera, funga kamera, rudi katika mkao wa kawaida, anza kutuma data. Orodha hiyo hukaa katika kumbukumbu ya kompyuta ya chombo, nayo kompyuta huitekeleza kwa kufuata saa yake yenyewe. Wakati orodha ya sasa inatekelezwa, orodha inayofuata inakaguliwa duniani, na ile ya baada ya hapo bado inajadiliwa na wanasayansi ambao kila mmoja anataka muda zaidi kwa ajili ya kifaa chake. Hapo ndipo saa nyingi za kazi huishia, yaani katika kupatanisha matakwa ya watu ambao wote wana sababu nzuri.

Kabla orodha haijatumwa, hupitishwa katika programu inayoiga tabia ya chombo, na maswali yanayoulizwa ni ya kawaida kabisa. Je, betri itakuwa na umeme wa kutosha chombo kitakapokuwa katika kivuli cha sayari? Mars Reconnaissance Orbiter hutegemea betri zake mbili kwa dakika 40 hivi katika kila mzunguko, kwa hiyo swali hilo hurudi mara 13 kwa siku. Je, kumbukumbu itajaa kabla ya antena ya duniani kupatikana? Je, kuna amri mbili zinazotaka kukigeuza chombo pande mbili tofauti kwa wakati mmoja? Je, kuna wakati wowote ambapo kamera itaelekea Jua? Binafsi ninaamini kwamba ukaguzi huu ndio moyo wa kazi yote, ingawa hautoi picha hata moja ya kuonyesha watu.

Halafu kuna suala la antena za duniani. NASA, shirika la anga la Marekani, ina vituo vitatu vya mawasiliano ya mbali: Goldstone katika jimbo la California, kingine karibu na Madrid na cha tatu karibu na Canberra. Vimetengana kwa takriban nyuzi 120 za longitudo, ili Dunia inapozunguka pawepo daima kituo kimoja kinachoiona sehemu ya anga inayotakiwa. Shirika la Anga la Ulaya, ESA, lina antena zake za mita 35 huko New Norcia nchini Australia, Cebreros nchini Hispania na Malargüe nchini Argentina. Hakuna chombo kinachomiliki antena peke yake. Ratiba hugawanywa mapema miongoni mwa misheni nyingi, na kikosi kinachohitaji muda wa ziada kwa dharura hulazimika kuwaomba wenzake wauachie.

Kipindi cha mawasiliano kinapoanza, kitu cha kwanza kutazamwa ni hali ya chombo chenyewe: volti za betri, joto la matangi na mabomba ya mafuta, kasi ya magurudumu ya kudhibiti mwelekeo, mkondo wa umeme unaotoka katika paneli za sola, idadi ya makosa ambayo kompyuta imeyasahihisha katika kumbukumbu yake. Mhandisi aliyezoea kazi haridhiki kwa kuona kwamba namba iko ndani ya mipaka. Huilinganisha na ya wiki iliyopita, na pia na ya wakati kama huu katika mwaka wa Mirihi uliopita, ambao una siku 687 za duniani, kwa sababu joto na mwanga hubadilika kwa majira ya sayari hiyo na mabadiliko ya majira yanaweza kuficha kasoro halisi. Kifaa kinachoelekea kufa kwa kawaida huanza kwa kusogea kidogo tu, miezi mingi kabla ya kengele yoyote kulia.

Hata kukatika kwa mawasiliano kuna maana. Chombo kinapopita nyuma ya Mirihi ishara hupotea, na wakati wa kupotea na wa kurudi huwa umekokotolewa mapema. Ishara ikirudi kwa wakati uliotarajiwa na katika masafa ya redio yaliyotarajiwa, kikosi kimekwisha kupata habari njema kabla ya kusoma data yoyote.


Hesabu za Njia alijibu:

Ninakubaliana na maelezo hayo, ila ningependa kulijibu lile swali la kwa nini chombo kinahitaji uangalizi ilhali uvutano haukatiki, kwa sababu jibu lake halimo katika betri wala antena.

Mzunguko wa chombo haubaki ule ule. Mirihi si tufe kamili. Ina milima mikubwa, ina uvimbe mkubwa wa ardhi uitwao Tharsis, na uvutano wake hutofautiana kutoka mahali hadi mahali. Mars Reconnaissance Orbiter hupita kwenye kimo cha kati ya kilomita 250 na 320 hivi, na huko bado kuna hewa nyembamba sana inayokipunguzia mwendo kidogo katika kila mzunguko. Hewa hiyo hutanuka Jua linapochangamka, na hutanuka pia dhoruba za vumbi zinapolipasha joto tabaka la chini la hewa. Hakuna anayeweza kutabiri kwa usahihi kamili itakuwaje baada ya wiki tatu.

Sasa zingatia jambo hili. Chombo hupita juu ya ardhi ya Mirihi kwa kasi ya takriban kilomita 3 kwa sekunde, na kamera yake kubwa, HiRISE, hupiga ukanda wenye upana wa kilomita 6 hivi, ikiweza kuonyesha vitu vyenye ukubwa wa kama mita moja. Utabiri ukikosea kwa sekunde moja, kamera itafunguka kilomita 3 kabla au baada ya mahali palipokusudiwa. Ndiyo maana wataalamu wa njia hupima mwendo wa chombo kila wanapopata nafasi, kwa kutazama jinsi masafa ya ishara yake yanavyopanda na kushuka kinaposogea kuelekea kwetu au kinapotuacha. Kwa njia hiyo kasi yake hujulikana hadi sehemu ndogo ya milimita kwa sekunde. Kutokana na vipimo hivyo hutengenezwa jedwali jipya la mahali chombo kitakapokuwa, nalo hutumwa likachukue nafasi ya lile la zamani katika kompyuta yake. Tarehe 25 Mei 2008, chombo cha Phoenix kilipokuwa kikishuka Mirihi, HiRISE ilikipiga picha kikiwa kinaning'inia kwenye mwavuli wake. Picha ile ilitokana na majedwali ya namna hiyo, yaliyotengenezwa na watu waliokuwa wakifanya kazi yao ya kila wiki.

Jambo la pili ni mwelekeo wa chombo. Ndani yake kuna magurudumu mazito yanayoendeshwa na mota. Gurudumu likiongezewa kasi upande mmoja, chombo hugeuka upande wa pili, na hivyo hugeuka bila kutumia tone la mafuta. Lakini mwanga wa Jua huzisukuma paneli, hewa huzivuta, uvutano huvuta sehemu moja ya chombo kuliko nyingine, na misukumo hii midogo isipojifuta yenyewe magurudumu hulazimika kuongeza kasi ili kuipinga. Ni mtungi uliowekwa chini ya paa linalovuja: tone moja halina uzito, lakini lazima ifike siku ya kuumwaga. Kuumwaga ni kuwasha vijiroketi vidogo ili vikishikilie chombo huku magurudumu yakipunguzwa kasi. Kitendo hicho ni cha kawaida kiasi kwamba hakitangazwi popote, lakini hutumia mafuta, na kila mara hukisukuma chombo kidogo kutoka katika njia yake, kwa hiyo kila tukio huandikwa na kuingizwa katika hesabu za njia.

Ninalisisitiza hili kwa sababu ya Mars Climate Orbiter, chombo kilichopotea tarehe 23 Septemba 1999 kilipokuwa kikifika Mirihi. Wengi wanajua kwamba vipimo vilichanganywa. Wachache wanajua vilichanganywa wapi. Vilichanganywa katika faili zilizoeleza matukio haya madogo ya kupunguza kasi ya magurudumu. Chombo kile kilikuwa na paneli ya sola upande mmoja tu, mwanga wa Jua ukakisukuma bila ulinganifu, na magurudumu yakahitaji kupunguzwa kasi mara nyingi zaidi kuliko ilivyotarajiwa. Programu ya duniani ilitoa ukubwa wa kila msukumo kwa pauni, wakati waliokokotoa njia waliusoma kama nyutoni, kipimo kingine cha nguvu, na tofauti kati ya vipimo hivyo ni takriban mara 4.45. Kila kosa lilikuwa dogo. Yalipojumlishwa kwa miezi ya safari, chombo kilichopaswa kupita kilomita 226 juu ya sayari kilipita kwenye kimo kilichokadiriwa baadaye kuwa kilomita 57, na huko hakikuweza kunusurika. Chombo hicho kilikuwa bado hakijaanza kuzunguka, hilo ninalijua, lakini kazi iliyokipoteza ni ile ile ambayo vyombo vyote vinavyozunguka huifanya mpaka leo.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la miezi sita ni kwamba kitu cha kwanza kuharibika ni utabiri. Baada ya wiki chache jedwali lililomo ndani ya chombo halitalingana tena na mahali kilipo kwa usahihi unaotakiwa, na picha zitaanza kukosa shabaha wakati kila kifaa bado ni kizima.


Roboti na Akili alijibu:

Ninawashukuru wote wawili, lakini nadhani mnaeleza zaidi hali ya vyombo vilivyobuniwa miaka mingi iliyopita. Kompyuta za kisasa zinaweza kutambua nyota, kukokotoa mwelekeo, kupunguza kasi ya magurudumu zenyewe na kuamua cha kupiga picha. Hata vyombo vya zamani vina kinga ya ndani: kompyuta ikiona jambo isilolielewa, husimamisha orodha ya amri, huzima vifaa vya sayansi, huelekeza paneli kwenye Jua na kusubiri maelekezo kutoka duniani. Hali hiyo ya usalama imewaokoa watu mara nyingi sana. Mars Odyssey kiliingia katika hali hiyo mwezi Juni 2012 gurudumu lake moja liliponata kwa muda mfupi, na baada ya wahandisi kulianzisha gurudumu la akiba kilirudi kazini. Nisingeshangaa kuona vyombo vijavyo vikihitaji kuangaliwa mara moja kwa mwezi tu.


Fundi wa Mawimbi alijibu:

Ndugu Roboti na Akili, hoja yako ina uzito, na mifano ya kuiunga mkono ipo. Hata hivyo, kinga ya ndani hujua yale tu ambayo mtu aliyafikiria mapema, na inategemea namba ambazo watu wanaendelea kuzibadilisha miaka yote ya misheni. Ninaomba tukitazame kwa makini Mars Global Surveyor, kwa sababu sioni mfano unaofundisha zaidi.

Chombo hicho kilifika Mirihi Septemba 1997 na kikafanya kazi kwa zaidi ya miaka tisa, muda mrefu kupita ule uliopangwa. Juni 2006 kilitumiwa marekebisho madogo ya namba zilizokuwa katika kumbukumbu yake, na namba hizo zikaandikwa mahali pasipo pake. Hakuna kilichoonekana. Chombo kiliendelea kutuma picha kwa miezi mitano, na taarifa zote za hali yake zilikuwa nzuri. Tarehe 2 Novemba 2006 kilipewa amri ya kawaida kabisa ya kusogeza paneli za sola, paneli zikasukumwa kupita mpaka wake, kompyuta ikaona kwamba zimekwama, na kinga ya ndani ikaanza kazi kama ilivyoelekezwa. Ilikigeuza chombo katika mkao ambao betri moja ilipigwa na Jua moja kwa moja. Betri ikapata joto kali. Mfumo wa kuchaji ukalitafsiri joto hilo kuwa dalili ya betri iliyojaa kupita kiasi, ukaacha kuichaji, na betri ya pili haikuweza kuubeba mzigo wote peke yake. Uchunguzi ulikadiria kwamba zote mbili ziliisha ndani ya saa 12 hivi. Namba zile zile zilizokosewa zilisababisha pia antena isielekee Dunia, kwa hiyo chombo hakikuweza kueleza kilichokuwa kikikipata.

Kila kifaa katika mkasa huo kilifanya kilichoagizwa. Nikiusoma, sifikii uamuzi kwamba kompyuta haifai. Ninafikia uamuzi kwamba amri ndogo inastahili macho mengi kama yale yanayoitazama amri kubwa. Hata hali ya usalama, ambayo umeisifu kwa haki, huacha maswali ambayo chombo hakiwezi kuyajibu: kwa nini kiliingia humo, je, ni salama kukirudisha kazini, na kwa mpangilio gani vifaa viwashwe tena. Mawasiliano katika hali hiyo mara nyingi hupitia antena ndogo isiyohitaji kulengwa, yenye kasi ndogo mno ya kutuma data, na wahandisi hujenga picha ya tukio kipande kwa kipande.

Kuna pia uzee. Chombo kilichobuniwa kwa miaka michache kikifikisha miaka ishirini, namna ya kukiendesha hulazimika kubadilika, na mabadiliko hayo hayawezi kubuniwa na chombo chenyewe. Mars Express cha ESA kimekuwa Mirihi tangu Desemba 2003, na jairoskopu zake za leza, yaani vifaa vinavyopima jinsi chombo kinavyogeuka, zilikuwa zikikaribia mwisho wa maisha yao. Wahandisi walio katika kituo cha Darmstadt, Ujerumani, waliiandika upya sehemu kubwa ya programu ya kudhibiti mwelekeo na kuituma Aprili 2018, ili chombo kitegemee zaidi kamera zake za kutazama nyota na kuziwasha jairoskopu pale tu zinapohitajika. Mwaka huo huo Mars Reconnaissance Orbiter kilihamishiwa katika utaratibu unaofanana na huo, na namna ya kuzichaji betri zake ikarekebishwa ili zidumu. Mabadiliko ya aina hii huombwa na grafu zilizochorwa siku baada ya siku, zile zile ambazo mtu angeziona hazina habari.

Mafuta nayo yana ugumu wake wa kipekee, kwani katika hali ya kutokuwa na uzito hakuna kipimo cha kuonyesha kina kilichobaki ndani ya tangi. Mars Odyssey kiliondoka duniani na kilo 225 hivi za haidrazini, ambayo ndiyo mafuta ya vijiroketi vyake. Wahandisi walipokadiria kiasi kilichobaki mwaka 2022, kwa kupasha matangi joto na kupima yanachukua muda gani kufikia nyuzi fulani, walipata kiasi kidogo kuliko walivyotarajia, wakahofu kwamba kuna uvujaji. Baada ya miezi ya uchunguzi waligundua kwamba vipashajoto vingine vya mfumo wa mafuta vilikuwa vikiupotosha ukadiriaji wao, na makadirio mapya yakawa kilo 4 hivi. Mafuta hayo hutumika zaidi kwa ile kazi aliyoieleza Hesabu za Njia. Yakiisha, magurudumu hayatapunguzwa kasi tena, na chombo kizima, chenye kamera nzima na redio nzima, hakitaweza kujielekeza.


Kiu ya Anga aliuliza tena:

Ndugu zangu, ninawashukuru kwa dhati. Mmenipa picha ambayo sikuwa nayo. Nina maswali mawili tu yaliyobaki. La kwanza, najua vyombo hivi hupokea pia data kutoka kwa magari yaliyo juu ya ardhi ya Mirihi, kama Curiosity na Perseverance. Je, kazi hiyo haigongani na upigaji picha? La pili, mmetaja kwamba kuna wakati Dunia na Mirihi huwa pande mbili za Jua. Hufanyika nini pale Jua linapokuwa katikati kabisa?


Mpanga Vipindi alijibu:

Nimekuwa nikisoma tu, lakini maswali haya mawili yanahusu upangaji wa muda, ambao nimeufuatilia kwa miaka mingi.

Kazi hizo hugongana kweli, na mgongano huo hutatuliwa kwenye orodha ya amri, kabla haujatokea angani. Gari lililo juu ya ardhi lina redio ndogo na umeme kidogo, kwa hiyo badala ya kutuma picha zake moja kwa moja duniani huzituma kwa chombo kinachopita juu yake, nacho huzihifadhi na kuzirusha duniani kwa antena yake kubwa. Ile ya Mars Reconnaissance Orbiter ina kipenyo cha mita 3. Kipita kimoja, yaani chombo kupita mara moja juu ya gari, huchukua dakika 10 hivi, wakati mwingine pungufu. Ratiba ya vipita hivyo hukubaliwa kwanza, kwa kuwa gari lisipopata njia ya kutuma data ya jioni, kikosi chake hakitajua lilifika wapi wala hakitaweza kupanga kazi ya kesho yake. Mars Reconnaissance Orbiter, Mars Odyssey, MAVEN na chombo cha ESA kiitwacho Trace Gas Orbiter vyote vimewahi kuhudumia magari, na kupanga ni chombo kipi kihudumie gari lipi, saa ngapi, ni kazi ya kudumu inayovihusisha vikosi vya pande mbili za Atlantiki.

Wakati mwingine huduma hiyo hudai hata mzunguko wenyewe ubadilishwe. Curiosity ilipokaribia kutua mwezi Agosti 2012, ilitakiwa Mars Odyssey kiwe juu ya eneo la kutua kwa dakika zile zile, lakini lile tatizo la gurudumu alilolieleza Roboti na Akili lilikuwa limekichelewesha. Tarehe 24 Julai viliwashwa vijiroketi kwa sekunde chache tu, na mabadiliko hayo madogo, yakilimbikizwa mzunguko baada ya mzunguko, yalikiwahisha chombo kwa dakika 6 hivi. Habari za kutua zikafika duniani kupitia kwake bila kusubiri. Vivyo hivyo, nyotamkia Siding Spring ilipopita kilomita 140,000 hivi kutoka Mirihi tarehe 19 Oktoba 2014, mizunguko ya vyombo ilikuwa imerekebishwa mapema ili vumbi litakapokuwa jingi zaidi viwe vimejificha nyuma ya sayari. Marekebisho ya namna hiyo yakifanywa miezi kadhaa mapema huhitaji mafuta kidogo mno. Yakicheleweshwa hadi wiki ya mwisho, gharama yake hupanda haraka.

Kuhusu Jua, hali hiyo hutokea kila baada ya miezi 26 hivi. Gesi ya moto inayolizunguka Jua huvuruga mawimbi ya redio yanayopita karibu nayo, na hofu kubwa ni kwamba amri iliyotumwa inaweza kufika ikiwa na sehemu iliyoharibika. Data iliyoharibika ikija huku, hutupwa au huombwa tena. Amri iliyoharibika ikienda kule, hakuna ajuaye itafanya nini. Kwa sababu hiyo NASA huacha kabisa kutuma amri kwa vyombo vyake vya Mirihi kwa muda wa wiki mbili hivi: mwaka 2021 ilikuwa kuanzia tarehe 2 hadi 16 Oktoba, na mwaka 2023 kuanzia tarehe 11 hadi 25 Novemba.

Wiki zinazotangulia huwa na shughuli nyingi kuliko wiki zenyewe. Hutayarishwa orodha moja ndefu itakayokitosha chombo kwa muda wote wa ukimya, yenye kazi nyepesi na nafasi ya kutosha ya makosa ya utabiri, kwa kuwa hakutakuwa na jedwali jipya la njia. Kumbukumbu husafishwa ili data itakayokusanywa ipate mahali pa kukaa. Pia hurekebishwa saa moja muhimu sana: vyombo vingi vina kihesabu kinachopima muda tangu amri ya mwisho kupokelewa, na muda huo ukipita kiwango kilichowekwa, kompyuta huamini kwamba redio yake ina hitilafu na huanza kujitafutia njia nyingine ya kusikia, au huingia katika hali ya usalama. Kihesabu hicho kikisahaulika, chombo kizima kitajitangazia ugonjwa katikati ya kipindi ambacho hakuna mtu anayeweza kukituliza. Hapa pia pana sehemu ya jibu la lile swali lako la miezi sita, kwani chombo kilichoachwa muda mrefu kiasi hicho hakingeendelea kuzunguka kwa utulivu kikifanya sayansi. Orodha yake ingekwisha, kihesabu kingefika mwisho, nacho kingeacha kazi zote na kukaa kikisubiri sauti.

Mawasiliano yanapofunguka tena, hakuna anayekimbilia kutuma orodha mpya. Kwanza hupokelewa taarifa za hali ya chombo kwa wiki zote zilizopita, kisha mwendo wake hupimwa na mahali kilipo hukokotolewa upya, na baada ya hapo jedwali jipya la njia hutumwa. Amri za kamera huja mwisho.


Roboti na Akili alijibu:

Nimekisoma kisa cha Mars Global Surveyor kwa makini, nami ninakubali kwamba nilikuwa nimeipa kinga ya ndani sifa iliyozidi. Bado ninaamini kwamba kazi ya kutabiri njia inaweza kuhamishiwa ndani ya chombo kwa kiasi kikubwa, hasa kwa sayari zilizo mbali kuliko Mirihi, ambako jibu husubiriwa kwa saa nzima na zaidi. Lakini ukaguzi wa namba zinazoandikwa katika kumbukumbu ningeuacha mikononi mwa watu, na ningependa wawe wawili au zaidi, kila mmoja akisoma peke yake.


Fundi wa Mawimbi alijibu:

Hapo tumekubaliana. Ningeongeza tu kwamba baada ya kuandikwa, kumbukumbu hiyo isomwe tena kutoka kwenye chombo na ilinganishwe na kilichokusudiwa, siku hiyo hiyo, kabla ya kipindi cha mawasiliano kufungwa.